Maneno mawili mwishoni mwa amri

Ukiwa na Animal Farm ya George Orwell mkononi, au Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotoka mwaka 1967, tafuta penseli kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. Karatasi moja ya daftari inatosha. Ikunje katikati kwa urefu. Kushoto utaandika amri saba za shamba kama zilivyopakwa ukutani siku ya kwanza. Kulia paache patupu, patajaa penyewe.

Ni hadithi ya wanyama wanaomfukuza Jones, mwenye shamba, ili wajitawale, wakiongozwa na nguruwe: Snowball, Napoleon, na msemaji wao Squealer. Nasema habari ya penseli kwa sababu kitabu hiki kinawaponza watu kwa ufupi wake. Kina sura 10, lugha nyepesi, wahusika farasi na kuku, na mtu anakimaliza kwa jioni mbili akaondoka na sentensi moja tu, ile maarufu: wanyama wote ni sawa, lakini wengine ni sawa zaidi ya wengine. Sentensi hiyo iko sura ya mwisho. Anayeibeba hiyo peke yake ni kama mtu aliyefika msibani watu wameshaanua tanga.

Kwa kikundi cha watu watano au sita, wale wanaokutana Jumamosi jioni Capri Point, hapa Mwanza, upepo wa ziwa ukishaanza kupoa, vikao vinne vinatosha: sura 1 hadi 3, kisha 4 hadi 6, kisha 7 na 8, kisha 9 na 10. Sura ya 7 na ya 8 zipewe kikao chao hata kama ni mbili tu, maana humo ndimo mna mauaji, mapatano ya uongo, vita na pombe, na mkizibana na nyingine mtazipita kama daladala iliyojaa. Someni kwa sauti. Kitabu hiki kinazungumzia wanyama wanaosomewa, na ukisomewa unaanza kuona ugumu wao: sikio halirudi nyuma kuhakikisha.

Amri zenyewe, kwa Kiswahili changu, zinakwenda hivi. Kila atembeaye kwa miguu miwili ni adui. Kila atembeaye kwa miguu minne, au mwenye mabawa, ni rafiki. Mnyama asivae nguo. Mnyama asilale kitandani. Mnyama asinywe pombe. Mnyama asiue mnyama mwenzake. Wanyama wote ni sawa.

Snowball ndiye anayepanda ngazi kuziandika, kwa taabu, maana nguruwe na ngazi ni vitu viwili. Anatumia rangi nyeupe juu ya ukuta wa ghala uliopakwa lami, herufi kubwa za kusomeka kutoka yadi 30, karibu mita 27. Vipandio vichache chini yake amesimama Squealer ameshika kopo la rangi. Hilo la Squealer na kopo liandike pembeni mwa karatasi, litakuja kulipa. Neno moja limekosewa herufi na S moja imetazama upande mwingine. S za aina hiyo zimejaa kwenye mbavu za mitumbwi pale Mwaloni, Kirumba, na hakuna anayecheka, kwa sababu mtumbwi unavua vilevile. Ukutani pia hakuna aliyecheka. Walioweza kuliona kosa walikuwa wachache mno.

Sasa upande wa kulia wa karatasi. Sura ya 6 nguruwe wanahamia nyumba ya Jones na kulala vitandani, na amri ya nne inasomeka: mnyama asilale kitandani penye shuka. Mwanzoni mwa sura ya 8, damu ya waliouawa haijakauka vizuri, amri ya sita inasomeka: mnyama asiue mnyama mwenzake bila sababu. Mwishoni mwa sura hiyohiyo, baada ya kreti ya wiski kupatikana, ya tano inasomeka: mnyama asinywe pombe kupita kiasi.

Litazame jambo hili kwa jicho la fundi. Hakuna neno lililofutwa. Amri ya zamani ipo yote, kila herufi mahali pake, ila imeongezewa mkia. Na mkia ni maneno mawili kila mara, kwa Kiingereza na, kwa bahati nzuri, kwa Kiswahili pia: penye shuka, bila sababu, kupita kiasi. Unafanya kazi kwa sababu kinachobaki kichwani mwa watu ni mwanzo wa sentensi. Mtu akikumbuka "mnyama asilale kitandani" na kukuta ukutani "mnyama asilale kitandani penye shuka", hajakuta kitu kinachopingana na kumbukumbu yake. Amekuta kitu kilichozidi, na anajilaumu mwenyewe kwa kusahau. Ndivyo anavyowaza Clover, yule farasi jike: hakumbuki shuka kutajwa, lakini maadamu imeandikwa ukutani, basi ilitajwa.

Fuatilia pia nani anakwenda ukutani, maana Orwell amepanga safari hizo kwa makini sana. Shida ya shuka: Clover anajua herufi zote lakini hawezi kuunganisha neno, kwa hiyo anamwomba Muriel, mbuzi, amsomee. Shida ya mauaji: Clover anamwendea Benjamin, punda, ambaye anasoma vizuri kama nguruwe yeyote; Benjamin anakataa kujiingiza, Clover anarudi kwa Muriel. Shida ya pombe: Muriel anajisomea mwenyewe na kuona kuna amri nyingine waliyoikumbuka vibaya. Siku chache kabla ya hapo Squealer alikutwa usiku ameanguka chini ya ukuta uleule, ngazi imevunjika vipande viwili, pembeni taa, brashi na kopo la rangi nyeupe limepinduka. Wanyama wote waliona. Benjamin peke yake alitikisa kichwa kama anayeelewa, akanyamaza. Safari ya nne ni ya sura ya 10, nayo tuiache kwanza.

Mahali wasomaji wengi wanapoteleza ni kwenye maziwa. Sura ya 2, siku moja tu baada ya ushindi, ng'ombe wanakamuliwa ndoo tano. Mtu anauliza yatafanywaje. Napoleon anasimama mbele ya ndoo na kuwaambia waende shambani kuvuna majani, maziwa yatashughulikiwa. Jioni wakirudi, maziwa hayapo. Mstari mmoja, sura imekwisha. Sura ya 3 inabainika yanachanganywa kwenye chakula cha nguruwe, na matofaa nayo yanaelekea hukohuko. Squealer anaeleza kwamba nguruwe wengi hawayapendi, wanayala kama dawa ya kulinda akili zao, na kwamba wasipoyala Jones atarudi. Katika barua aliyomwandikia Dwight Macdonald mwaka 1946, Orwell alisema hapo ndipo hadithi ilipokusudiwa kugeuka. Kabla ya mbwa wa Napoleon, kabla ya Snowball kufukuzwa.

Na Snowball mwenyewe alikubali. Kitabu kinasema wazi kwamba katika jambo la maziwa na matofaa nguruwe wote walikuwa na sauti moja, hata hao wawili waliokuwa wakibishana kila kikao. Kikundi chochote kitakuwa na mtu wa kusema laiti Snowball angebaki. Mrudishe kwenye ndoo tano.

Kwa wanaopenda hesabu, nyuma ya karatasi ile fungua daftari la chakula. Saa 60 za kazi kwa wiki, na kazi ya Jumapili ya "hiari" ambayo asiyekwenda anakatwa nusu ya posho. Mayai 400 kwa wiki yanayouzwa nje. Kuku wakigoma, chakula chao kinakatwa siku tano na tisa wanakufa. Mgao unapopunguzwa Squealer anauita marekebisho, neno la upunguzaji halitoki mdomoni mwake. Wakati huohuo kila nguruwe ana painti moja ya bia kwa siku, yaani kama nusu lita na ushei, na Napoleon nusu galoni katika bakuli la supu la kaure. Hesabu hizi ziko kitabuni kote, zimetupwa moja hapa moja pale, na hakuna anayekujumlishia.

Katika daftari hilo kuna kitu ambacho msomaji wa Mwanza anakielewa upesi kuliko msomaji wa London. Sura ya 7 ghala limekauka. Wakili Whymper, dalali wa shamba kwa watu wa nje, anakuja kila wiki, na Napoleon hataki njaa ijulikane. Mapipa yanajazwa mchanga karibu hadi mdomoni, kisha nafaka kidogo iliyobaki inatandazwa juu, na Whymper anapitishwa ghalani kwa kisingizio ili aone kwa kutupia jicho. Kondoo wachache wamefundishwa kusema karibu na masikio yake kwamba mgao umeongezwa. Mnunuzi wa dagaa anajua kinga ya hila hiyo: haangalii juu ya gunia, anaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, anatoa wa chini, anaupepeta kiganjani asikie kama mchanga unabaki. Dagaa walioanikwa chini huja na mchanga hata bila mtu kudhamiria, na kwenye mizani mchanga una uzito kama dagaa. Whymper hakuingiza mkono. Alikuwa na kamisheni yake.

Mafundi waashi nao wana sehemu yao. Kinu cha upepo kinaanguka kwa dhoruba ya Novemba. Napoleon anasema ni Snowball kakibomoa usiku. Watu wa nje wanasema kuta zilikuwa nyembamba. Wanyama "wanajua" hilo si kweli, lakini kinapojengwa upya inaamuliwa kuta ziwe na unene wa futi tatu badala ya inchi 18 za mwanzo. Yaani sentimita 90 badala ya 45. Aliyejenga juu ya miamba ya Mabatini au Isamilo anacheka hapo: mdomo umemsingizia Snowball, futi kamba imekiri ukuta ulikuwa mwembamba.

Kuna mtindo wa kuanza kitabu hiki kwa jedwali: Napoleon ni Stalin, Snowball ni Trotsky, Frederick, mkulima jirani, ni Hitler, Pilkington, jirani wa pili, ni Uingereza, mbwa ni polisi wa siri, kunguru Moses ni kanisa, fedha bandia za Frederick ni mapatano ya Stalin na Hitler ya mwaka 1939 na mlipuko wa kinu ni uvamizi wa Wajerumani wa 1941. Jedwali ni sahihi, na Orwell alilichunga kiasi kwamba mapema mwaka 1945, kabla kitabu hakijatoka Agosti, alibadilisha sentensi ya mlipuko ili wanyama wote walale kifudifudi isipokuwa Napoleon, kwa sababu Stalin hakukimbia Moscow Wajerumani walipokaribia. Lakini lisomeni mwisho. Kikundi kinachoanza na jedwali kinageuka darasa la historia ya Urusi, watu wanapeana majina, na hakuna anayeona maneno mawili yakiongezwa.

Kiswahili nacho kina mitego yake. Wa kwanza ni nguruwe. Kwa wasomaji wengi wa huku, Waislamu hasa, nguruwe amehukumiwa kabla hajafungua mdomo, na ujanja katika ngano zetu ni wa sungura. Matokeo yake msomaji anamchukia Napoleon kuanzia ukurasa wa kwanza, wakati hadithi inamtaka amwamini kwanza. Shamba la Kiingereza linamjua nguruwe kama mnyama mwenye akili kuliko wenzake wa zizini, basi. Kumbuka Mzee Major aliyeota ndoto ya dunia isiyo na binadamu, anayezungumza kwa hekima yote, naye ni nguruwe. Wa pili ni Boxer. Farasi wa kulimia hatuna. Badala ya kumwona farasi wa mbio, mweke maksai wa Usukuma kwenye plau, mkubwa kupita kawaida, kimo cha begani kama mita 1.8, anayefanya kazi ya wawili na kuamka nusu saa kabla ya wengine.

Neno lenye faida kubwa kuliko yote ni ndugu. Kwenye Kiingereza wanyama wanaitana "comrade", neno ambalo kwa Mwingereza wa kawaida lilinuka chama cha watu fulani. Kwa Mtanzania ndugu ni neno la nyumbani, na pia neno la mkutano. Ahadi ya kwanza ya mwana TANU ilisema binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja. Kwa hiyo pale sura ya 10 Napoleon anapowatangazia wageni kwamba ile desturi ya kipuuzi ya kuitana hivyo sasa itakomeshwa, kwa Kiswahili inauma mahali ambapo Kiingereza hakifiki. Sikiliza tu safari ya masikio yetu wenyewe kutoka ndugu hadi mheshimiwa.

Hapa lazima tuwe waangalifu. Orwell alifariki Januari 1950, TANU ilizaliwa Julai 1954. Hakuandika habari zetu, na anayekisoma kama kejeli dhidi ya ujamaa amekosea mlango. Mwandishi mwenyewe alikuwa msoshalisti aliyekasirishwa na kilichofanywa kwa jina la usoshalisti. Lakini tafsiri ya Kiswahili ilitoka mwaka uleule wa Azimio la Arusha, na Azimio lilikuwa na ukuta wake: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikaa Zanzibar ikalegeza masharti hayo. Tofauti na ghala la Jones ni kubwa: kilikuwa kikao chenye wajumbe, si ngazi na taa usiku. Bado ni zoezi zuri kwa kikundi kuchapisha masharti ya 1967 upande wa kushoto wa karatasi na kuulizana nani anayakumbuka bila kusoma. Naona mjadala wa hapo unazaa zaidi kuliko saa nzima ya Stalin.

Akitokea wa kuuliza kama sisi hatuna cha kwetu, kipo. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, aliandika tamthilia ya Kaptula la Marx, ambamo rais Kapera anavaa kaptula isiyomtosha na kuongoza msafara kwenda nchi ya Usawa. Isomeni baada ya Orwell, si kabla. Kezilahabi anachekesha kwa kasi na mkizoea kasi yake mtamwona Orwell amepoa.

Turudi kwa Boxer, kwa sababu ndiye anayelizwa machozi na ndiye anayesomwa vibaya. Alijifunza herufi nne, A hadi D, hakuvuka. Alipougua alisema akistaafu atatumia muda uliobaki kujifunza zile 22 nyingine. Gari linapokuja kumchukua kumpeleka "hospitali", wanyama wanalizunguka wakimpungia kwaheri. Benjamin anawafokea waangalie maandishi ubavuni. Muriel anaanza kuunga herufi, Benjamin anamsukuma pembeni na kusoma mwenyewe: mchinja farasi na mchemsha gundi, mfanyabiashara wa ngozi na unga wa mifupa. Papo hapo gari linaondoka. Boxer aliyewahi kuvunja mbao kwa teke anapiga mateke ndani, yanafifia, yanakoma. Baadaye Squealer anaeleza kwamba gari lilinunuliwa na daktari wa mifugo ambaye hajafuta jina la zamani. Mkia mwingine, huu umebandikwa kwenye gari.

Mjadala wa kikundi hapa huwa nani alaumiwe, na watu humwangukia Boxer kwa ujinga wake. Mimi naweka lawama kwa punda. Boxer hakujua kusoma. Benjamin alijua tangu mwanzo, akaona ngazi iliyovunjika, akakataa ombi la Clover, na mara ya kwanza kupaza sauti akisoma ilikuwa dakika chache baada ya muda. Mara ya pili ni ile safari ya nne. Clover amezeeka, macho yamefifia, anasema hata ujanani asingeweza kusoma, ila ukuta anauona kama umebadilika. Amri saba bado ni zilezile? Benjamin anavunja mwiko wake na kumsomea. Imebaki moja tu. Ndiyo ile inayojulikana na kila mtu.

Kwenye karatasi yako upande wa kulia bado kuna nafasi kidogo. Iachie ukurasa wa mwisho, mchezo wa karata. Wanyama wako nje ya dirisha, wameshaanza kuondoka, hawajafika hata yadi 20, wanasikia kelele na kurudi mbio. Napoleon na Pilkington wametupa mezani, kwa wakati mmoja, kila mmoja ree ya shupaza. Pakiti moja ina ree moja tu ya shupaza. Orwell hasemi nani aliyekuja na yake, wala wanyama dirishani hawaulizi; wanahangaika kutofautisha sura. Kiulizeni kikao cha nne swali hilo, halafu kila mtu aonyeshe kitabuni mstari unaomtetea.